Kabla ya bwawa la kuogelea, tuulizane maji yatoka wapi

Siku hizi ukipita Nyali, Mtwapa, Kilifi hadi Diani, nyumba nyingi za kupangisha wageni zinazojengwa zina shimo la bwawa la kuogelea. Siwalaumu wenye nyumba. Mgeni anayetafuta nyumba ya likizo kwa simu huuliza bwawa kabla hajauliza vitanda. Lakini watu hujadili vigae vya buluu na taa za chini ya maji, na mifereji ya mtaa huo huo inatoa upepo.

Mombasa hunywa maji ya mbali: Mzima huko Tsavo, Baricho kando ya mto Sabaki, Marere katika Shimba Hills, na visima vya Tiwi. Yote hayo hayafiki nusu ya mahitaji ya mji.

Hebu tupige hesabu. Bwawa la kawaida la nyumbani, mita 8 kwa 4, kina mita 1.5, linachukua lita 48,000. Hiyo ni mitungi 2,400 ya lita 20, ile ile inayosukumwa kwa mkokoteni kule Majengo na Old Town. Na si kujaza mara moja tu. Jua na upepo wa pwani vikinyanyua milimita 5 kwa siku, zimekwenda lita 160, yaani mitungi 8, na hakuna aliyeoga.

Ndiyo maana nikiulizwa aina ya bwawa, naanza na kuvuja. La zege hupatikana kwa umbo lolote, na mafundi wetu wanalijua. Ila zege lisilosukwa vyuma sawasawa hupata nyufa, na maji hupotea kwenye mawe yetu ya matumbawe bila mwenyewe kujua. Bwawa la fibaglasi huja kama bakuli zima. Halivuji upesi na halishiki ukungu sana, lakini lori lazima lipite, na vichochoro vyetu mwavijua. Karibu na ufuo lina hatari nyingine: ukilimwaga maji wakati wa masika, maji ya ardhini yaweza kulisukuma juu kama mtumbwi. Lile la kutandika karatasi ya plastiki ni rahisi kuanza nalo, na karatasi ikitoboka ndipo gharama zinapoanza. Kwa nyumba ndogo yenye njia ya lori, mimi ningechukua fibaglasi.

Wengine wanasifu bwawa la maji ya chumvi. Lile si bahari. Chumvi yake ni kama gramu 4 kwa lita, na bahari ina kama 35. Mtambo huigeuza chumvi hiyo kuwa klorini. Macho hayawashi, kweli, lakini maji ya kuoshea chujio yakimwagwa uani yana kilo za chumvi ndani yake, na kisima cha jirani kiko hatua chache tu.

Na hapo kwenye kisima ndipo penye mzozo. Chini ya ardhi yetu maji matamu yameelea juu ya maji ya bahari kama mafuta juu ya mchuzi. Anayechimba na kuvuta kwa pampu usiku kucha ili ajaze bwawa hupandisha chumvi, na haipandi kwake peke yake. Inafika kisima cha msikiti na cha bibi anayefua nguo za watu. Kuchimba kisima cha pampu kunahitaji kibali cha mamlaka ya rasilimali za maji, ila kibali hakimwonjeshi jirani maji yake.

Kaunti inapopitisha ramani ya nyumba yenye bwawa, ingetaka ioneshwe maji yatoka wapi, ya kuoshea chujio yaenda wapi, na kama kuna kifuniko cha kuzuia jua. Tangi la kukingia mvua ya paa liwe sharti pia, na uzio kwa ajili ya watoto, hilo halina mjadala. Ramani nyingi za majumba ya Diani na Vipingo bado ziko mezani. Masharti haya yakiwekwa sasa, yatawakuta kabla shimo halijachimbwa.