Faini inalipwa mara ngapi?

Haya wadau, leo hamna habari za boom wala za nani kadisko. Nina la moyoni.

Kuna usemi umezagaa hapa hostel, na kule kwetu Mbezi Luis pia: mtu aliyewahi kutiwa hatiani mahakamani asahau uuguzi. Ukiuliza imeandikwa wapi, unaambiwa "inajulikana". Ukiuliza ni kosa gani hilo, unaambiwa "kosa ni kosa". Mimi nasema huo ni uvivu wa kufikiri, tena uvivu unaokula maisha ya watu.

Jirani yetu mmoja, binti wa umri wetu, alinunua simu iliyotumika kwa kijana mmoja karibu na Stendi ya Magufuli. Bei ya kutupa. Miezi miwili baadaye polisi wakamfuata. Kanuni ya Adhabu ina kifungu cha 312, kukutwa na mali inayodhaniwa kuwa ya wizi, na usipoeleza vizuri ulivyoipata umekwisha. Risiti hana (nani anapewa risiti pale?). Akatiwa hatiani, akalipa faini, akarudi nyumbani. Huyu Baiolojia na Kemia alifaulu vizuri tu. Alipokwenda kuulizia nafasi kwenye chuo kimoja cha uuguzi akaeleza ukweli wake wote, aliyekuwa pale dirishani akamwambia asijisumbue. Hakuitwa popote, hakuandikiwa barua. Sasa anauza chipsi.

Msinielewe vibaya. Kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, huruhusiwi kufanya kazi hiyo bila kusajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga na kuwa na leseni. Safi kabisa. Mgonjwa kalala hajitambui, pochi iko chini ya mto, dawa kali ziko kabatini. Lazima tumjue anayemhudumia. Aliyeiba dawa za wodi, aliyempiga mgonjwa, aliyembaka mtu, huyo sitaki hata apite koridoni. Hapo tuko pamoja. Lakini huyu wa simu mnamweka fungu moja na hao kwa hesabu gani?

Tazameni Katiba yetu ya 1977, ibara ya 67, wale wasiofaa kuwa wabunge. Inapofika kwenye hukumu za mahakama haisemi "kosa ni kosa". Inataja kosa la utovu wa uaminifu, inataja kifungo kinachozidi miezi sita, inataja miaka mitano kabla ya uchaguzi. Yule dada hakufungwa hata siku moja. Kwa hiyo faini ile haimzuii kugombea ubunge, na kwa kuwa mawaziri wanatoka bungeni, anaweza kuwa waziri wa afya. Awe bosi wa wauguzi wa nchi nzima, ila yeye mwenyewe asiguse drip. Jamani!

Kuna jamaa wa room ya jirani ananiambia nataka kulegeza mambo, eti wenzetu Ulaya hawana mchezo. Basi twende huko huko. Uingereza walitunga sheria mwaka 1974 ya kuacha kumhesabia mtu hukumu ya zamani muda fulani ukishapita. Wauguzi hawakupewa unafuu wote huo. Wao wanatakiwa kueleza hata mengi ambayo mtu wa kazi nyingine angeyanyamazia. Ila wakishaeleza, baraza lao linapima: lilikuwa kosa gani, lini, na mtu kaishi vipi tangu hapo. Huo ndio ukali ninaoutaka.

Huu wa kwetu wa dirishani unafundisha watu kitu kimoja tu, kunyamaza. Dada kasema ukweli, kapewa chipsi. Mwingine mwenye kosa bayaa kuliko lake ataficha, atasoma, na siku akiombwa hati ya tabia njema, polisi wakachukua alama za vidole, ndipo mambo yaonekane, ada ya miaka mitatu imeshakwenda na wagonjwa ameshawashika. Nani kalindwa hapo?

Tarehe 9 Desemba 2019 Rais Magufuli alitoa msamaha kwa wafungwa 5,533 na watu tukapiga makofi. Sawa, wametoka. Wakafanye kazi gani, wakati hata wa faini tunamfungia mlango?

Ninachodai ni kidogo. Mtu aweze kuuliza kabla hajalipa ada hata shilingi, ajibiwe kwa maandishi, na kama ni hapana aambiwe sababu na mahali pa kukata rufaa. Asikatiwe hukumu ya pili na mtu wa dirishani.

Na nyie walimu watarajiwa wenzangu mnaosoma hapa mkisema hayo ni ya manesi, Sheria ya Bodi ya Kitaaluma ya Walimu ilipitishwa mwaka 2018, na sisi usajili na leseni vinatuhusu. Hebu anyooshe mkono mwenye risiti ya simu anayosomea hapa.