Tusihesabu Miche Peke Yake, Tuhesabu na Miti Mama

Kila mwaka, mvua za masika zinapokaribia, shule nyingi nchini hushiriki katika kazi ya kupanda miti. Tarehe 1 Aprili ni Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, na halmashauri za wilaya zimekuwa na agizo la kupanda miti 1,500,000 kila moja kwa mwaka. Hesabu ya miche hutoka shuleni ikaenda wilayani, na kutoka wilayani ikaenda mkoani. Mwalimu mwangalifu huuliza pia ni miche mingapi iliyo hai baada ya kiangazi, nalo ni swali jema. Lakini liko swali la tatu ambalo ni nadra kuulizwa: miche hiyo imetokana na miti mama mingapi? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali hilo lina uzito sawa na yale mawili ya kwanza, na kwamba shule za sekondari za Mkata, pamoja na zile za Handeni na Korogwe kwa jumla, zina nafasi nzuri ya kuanza kulijibu.

Tofauti isiyoonekana upesi

Tunaposema kwamba msitu una miti ya namna nyingi, kwa kawaida tunafikiria mninga, myombo, mkongo na mpingo. Hiyo ni tofauti baina ya spishi na spishi. Iko tofauti nyingine isiyoonekana upesi kwa macho, nayo ni ile iliyopo baina ya mninga na mninga mwenzake. Kila mche unaotokana na mbegu hurithi nusu ya jeni zake kutoka kwa mti mama uliozaa mbegu, na nusu ya pili kutoka kwa mti baba uliotoa chavua. Jeni ni maagizo ya urithi yaliyomo ndani ya seli za mmea. Kwa kuwa maagizo hayo huchanganywa upya kila mbegu inapotungwa, hata mbegu mbili zilizokaa katika tunda moja si lazima zifanane.

Basi mche mmoja hupeleka mzizi chini mapema kuliko wenzake. Mwingine hupukutisha majani upesi ukame unapoanza, hivyo hupoteza maji kidogo. Wa tatu una kemikali katika majani yake ambayo wadudu hawaipendi. Katika miaka ya kawaida tofauti hizo hazina athari kubwa, na yote hukua. Ukija mwaka wa ukame mkali, au mdudu asiyejulikana, tofauti zilezile huamua mti upi utakufa na upi utabaki kuzaa mbegu za kizazi kijacho.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa miti kuliko kwa mazao ya shambani. Mkulima wa mahindi aliyeshindwa na mbegu yake msimu huu anaweza kutafuta nyingine msimu ujao. Mninga unaopandwa leo utahitaji miaka mingi kabla ya kufaa kwa mbao, na katika muda huo hali ya hewa ya Handeni haitabaki kama ilivyo. Joto la dunia linaongezeka, na mpangilio wa mvua unabadilika. Mti hauwezi kuhama kufuata mvua. Kwa hiyo msitu wenye busara, kama neno hilo laweza kutumika kwa msitu, ni ule unaoweka akiba ya majibu mengi kwa maswali ambayo bado hayajaulizwa.

Funzo la mkonge

Wakazi wa Korogwe wana mfano wa jambo hili mlangoni mwao. Mwaka 1893 Dkt. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza vichipukizi vya mkonge kutoka Florida, Marekani. Vingi viliharibika safarini. Vilivyosalimika na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani, vilikuwa 62 tu. Mkonge huu hauzai mbegu kwa kawaida, bali huenezwa kwa vichipukizi vinavyoota juu ya mlingoti wake au kutoka shinani, na kila kichipukizi ni nakala ya mmea uliokizaa. Hivyo mashamba makubwa yaliyokuja kuenea Tanga, Muheza na Korogwe yalikuwa, kwa sehemu kubwa, nakala za mimea michache sana.

Watafiti wa Amani, na baadaye Mlingano, walipotaka kupata mkonge ulio bora zaidi, hawakuweza kuupata ndani ya nakala hizo. Iliwabidi waende kwa jamaa zake. Walitumia Agave amaniensis na Agave angustifolia, wakazichanganya, na baada ya kazi ya miaka mingi wakapata chotara namba 11648, ambaye huzaa majani mengi zaidi kuliko mkonge wa kale kabla ya kutoa mlingoti. Bila ya jamaa hao waliotunzwa, chotara huyo asingepatikana.

Lakini naye alienezwa kwa nakala. Shamba zima likawa kama mmea mmoja uliorudiwa mara maelfu. Ndipo ulipojitokeza ugonjwa wa madoa unaosumbua chotara huyo na kuharibu majani yake, ambao vitabu vya magonjwa ya mimea duniani huutaja kwa jina la Korogwe. Si haki kusema kwamba ugonjwa ndio ulioangusha mkonge wetu. Katika miaka ya 1960 Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, na kushuka kwake kulitokana hasa na nyuzi za viwandani na kuanguka kwa bei. Hata hivyo mwanafunzi wa biolojia hana haja ya kwenda mbali kuona maana ya shamba la nakala: ugonjwa unaoweza kushambulia mmea mmoja unaweza kuishambulia yote.

Kutoka shambani kwenda msituni

Msomaji aweza kusema kwamba mkonge si mti, na shamba si msitu. Ni kweli. Basi tutazame misitu ya kupandwa. Katika miaka ya 1960 ukungu uitwao Dothistroma ulishambulia msindano wa spishi ya Pinus radiata katika Afrika Mashariki hata upandaji wake ukaachwa, na Pinus patula ikachukua nafasi yake. Katika miaka ya 1980 ikawa zamu ya saipresi, mti uliopandwa kwa wingi katika nyanda za juu, zikiwamo za Shume katika milima ya Usambara. Kidukari wa saipresi alionekana Malawi mwaka 1986, Tanzania mwaka 1988 na Kenya mwaka 1990. Miti mingi ilikauka imesimama. Wanasayansi walileta nyigu mdogo kutoka Ulaya, Pauesia juniperorum, anayetaga mayai ndani ya kidukari huyo.

Lakini jambo linalotuhusu hapa ni lingine. Uchunguzi uliofanywa nchini Kenya ulionyesha kwamba saipresi hazikudhurika kwa kiwango kimoja. Familia nyingine za miti zilistahimili kuliko nyingine, na ustahimilivu huo kwa kiasi fulani ulikuwa wa kurithi. Yaani dawa moja ilikuwa tayari imo msituni, ndani ya jeni za baadhi ya miti, ikisubiri kuchaguliwa.

Mvule nao unafundisha hivyohivyo. Mti huu wa thamani kubwa umekuwa mgumu kupandwa kwa wingi mahali pamoja, kwa sababu wadudu wadogo wa jenasi ya Phytolyma hufanya vinundu katika machipukizi ya miche, na ncha ya mche hufa. Huko Ghana watafiti walikusanya mbegu za mivule mingi, wakagundua kwamba watoto wa miti mama michache walistahimili vinundu hivyo vizuri zaidi. Kama wangalichuma mbegu za mti mmoja au miwili tu, yaelekea wasingaliwaona. Tena mvule una miti dume na miti jike mbalimbali. Kijiji kikikata mivule yake kikabakiza mmoja wa kivuli, huenda kimebakiza mti usioweza kuzaa peke yake.

Hali ya Mkata

Mkata iko kando ya barabara kuu itokayo Chalinze kwenda Segera, katika nchi ya miombo. Mkaa na mbao za nchi hii hufuata barabara hiyo kwenda mijini. Ukataji huu hupunguza idadi ya miti, na kila mtu anaona. Hubadilisha pia aina ya miti inayobaki, na hili halionekani sana. Mpasuaji wa mbao huchagua mninga mrefu ulionyooka, akauacha uliopinda. Mwaka baada ya mwaka, mbegu za kizazi kijacho hutoka kwa ile iliyoachwa. Ingawa kupinda kwa mti hutokana pia na moto, udongo na mifugo, sehemu yake hurithiwa. Mfugaji yeyote angeshangaa kuona mwenziwe akichinja madume yote bora na kuzalisha kwa yale dhaifu. Msituni tunafanya hivyo bila kushangaa.

Ipo habari njema. Miti mingi ya miombo huchipua tena kutoka kisikini na mizizini. Kisiki cha myombo kilichoachwa hai ni ghala la jeni, maana kinachochipua ni mti uleule wa zamani. Eneo lililokatwa kwa mkaa, likilindwa na moto na jembe, laweza kurudisha sehemu kubwa ya urithi wake. Eneo lililong'olewa visiki limepoteza urithi huo, na miche ya kitaluni haiwezi kuurudisha wote, hasa ikiwa mbegu zake zilichumwa chini ya mti mmoja.

Hoja za kupinga

Wako watakaosema kwamba mkulima anahitaji fedha, na kwamba mikaratusi ya makloni hukua upesi na kwa usawa. Sipingi shamba la biashara. Ninachopinga ni shamba la kloni moja, na zaidi ninapinga kuliita shamba hilo msitu. Mkulima apande makloni kadhaa kwa vitalu, asiweke mali yake yote katika mmea mmoja uliorudiwa.

Wengine watasema kwamba mbegu zilizochanganywa huzaa pia miche dhaifu. Ni kweli, na hiyo ndiyo gharama ya akiba. Kitalu chenye mchanganyiko kitakuwa na miche isiyolingana kwa urefu, na mgeni anayekuja kukikagua huenda asikisifu. Lakini ulinganifu unaopendeza macho kitaluni si kipimo cha uhai wa msitu baada ya miaka 40.

Wapo pia watakaosema kwamba moto na mifugo huua miche mingi kabla jeni hazijapata nafasi ya kufanya kazi. Hoja hii ni nzito, nami naikubali: mche usiolindwa hausaidiwi na urithi wake. Haya mawili yaende pamoja.

La kufanya

Wataalamu wa mbegu za miti hushauri kuchuma kutoka miti mama isiyopungua 25 au 30 ya spishi moja, iliyo umbali wa kama mita 100 baina yake ili isiwe ndugu wa karibu, na kuchukua kiasi kinacholingana kutoka kila mti. Mti uliosimama peke yake uwanjani, hata ukizaa sana, usiwe chanzo, kwa sababu mbegu zake huenda zilitungwa kwa chavua yake wenyewe au ya majirani wachache, na watoto wa namna hiyo mara nyingi huwa dhaifu.

Shule ya sekondari yaweza kuifanya kazi hii. Wanafunzi waorodheshe minga, mikongo na mikwaju ya vijiji vyao, wakiwauliza wazee ni ipi ya asili na ipi ilipandwa. Kisha wafanye jaribio. Mkongo unafaa, kwani mbegu zake ni kubwa, nyeusi zenye kofia nyekundu, nazo huota bila taabu nyingi. Wachume kutoka miti mama 10, mbegu 20 kila mti, wapande kila familia katika mistari yake yenye kibao. Nusu ya kila familia wainyweshe kila baada ya siku mbili, na nusu nyingine mara moja kwa juma. Baada ya miezi mitatu wapime urefu, wahesabu majani na miche iliyokufa, na kulinganisha familia kwa familia. Hapo somo la urithi, ambalo wengi hulikariri kwa njegere za Mendel, litakuwa limepata mti wa nyumbani.

Na kwa viongozi wa halmashauri ombi ni dogo. Katika fomu ya taarifa ya upandaji miti, baada ya safu ya miche iliyopandwa na ile iliyo hai, iongezwe safu ya tatu: mbegu zilichumwa wapi, na kutoka miti mama mingapi. Mwanzoni shule nyingi zitaandika mmoja, au zitaacha wazi. Lakini mwalimu aliyeandika mmoja mwaka huu atajua la kufanya mwaka ujao, wakati miti mama bado imesimama katika misitu ya Mkata.