Nani Aliyempikia Mwanauchumi?



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.T.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu wazazi na wanafunzi, vijana wetu walioko vyuo vikuu wanasomeshwa vitabu vya watetezi wa haki za wanawake, kisha wanatuuliza walimu wa madrasa: ustadh, vitabu hivi vinafaa? Jibu langu ni kuwa visomwe, lakini kwa mizani. Nitoe mfano wa kimoja.

Mwandishi wa Sweden, Katrine Marçal, alitoa mwaka 2012 kitabu ambacho kwa Kiingereza, mwaka 2015, kilipewa jina la swali: nani aliyempikia Adam Smith chakula chake? Smith ndiye Mskoti anayeitwa baba wa elimu ya uchumi. Katika kitabu chake cha mwaka 1776 alieleza kuwa hatupati chakula kwa sababu ya wema wa muuza nyama au muoka mikate, bali kwa sababu kila mmoja anatafuta faida yake. Hoja ya Marçal ni kuwa nyama haijipiki yenyewe. Smith hakuoa. Sehemu kubwa ya maisha yake aliishi na mama yake, Margaret Douglas, mpaka mama huyo alipofariki mwaka 1784. Mama hakumtunza ili apate faida, na katika hesabu za mwanawe hakuonekana.

Kasoro hiyo ipo mpaka leo. Marilyn Waring, aliyewahi kuwa mbunge huko New Zealand, aliiandikia kitabu mwaka 1988. Mwanamke akilipwa mshahara kulea mtoto wa mtu, kazi yake inaingia katika pato la taifa. Akilea wa kwake, haiingii. Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kuwa asilimia 76.2 ya saa za kazi za kulea na kuhudumia zisizolipwa zinafanywa na wanawake.

Sisi Waislamu tukisikia maneno haya tuna jibu la haraka: Uislamu ulishampa mwanamke haki zake zamani. Ni kweli. Surat An-Nisaa imempa mahari yake, fungu lake la mirathi na haki ya alichokichuma. Uingereza mke aliyeolewa hakupata haki kamili ya mali yake mpaka sheria za mwaka 1870 na 1882. Lakini jibu hilo ni la mali, na swali la kitabu ni la kazi. Anayepika, anayefua na anayekesha na mgonjwa, kazi yake ina thamani gani kwetu?

Hapo napo hatuna haja ya kuazima jibu. Surat At-Talaaq, aya ya 6, imeamrisha mama aliyeachwa alipwe ujira akimnyonyesha mtoto. Bibi Asmaa binti Abu Bakr (R.A.) alikuwa akimhudumia farasi wa mumewe na kubeba kokwa za tende kichwani kutoka mbali. Imam An-Nawawi alipoisherehesha hadithi hiyo alisema kazi kama hizo ni wema na hisani ya mke, si wajibu juu yake. Wako wanazuoni wengine, kama Ibn Taymiyya, walioona kuwa ni wajibu kwa kadiri ya ada. Ikhtilafu ipo. Lakini hata anayeshika kauli ya pili hawezi kusema kuwa kazi hiyo si kitu. Na Bibi Aisha (R.A.) ametupa habari kuwa Mtume (S.A.W.) akiwa nyumbani alikuwa akiwahudumia ahli zake, na wakati wa swala ukifika hutoka.

Sasa tujitazame. Mke amekaa na mume miaka 20, siku ya talaka anaambiwa, "Wewe ulichuma nini humu?" Anaondoka na begi la nguo, pengine hata mahari yake hajamaliziwa. Kwa jirani zetu wa Tanzania, Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 1983 kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Masheikh wanatofautiana katika suala la kugawana mali, na si kazi yangu kulikata hapa. Lakini Surat Al-Baqara, aya ya 241, imewapa walioachwa haki ya kuliwazwa kwa kitu. Wangapi kati yetu wanaitekeleza?

Nisipokubaliana na baadhi ya waandishi wa mrengo huu ni pale wanapoiona nyumba kuwa kifungo, na uhuru wa mwanamke wakaupima kwa mshahara tu. Malezi ni ibada. Hata hivyo, ibada ya mtu mmoja isiwe kisingizio cha uvivu wa mwingine.

Wazazi, mvulana anayedurusu masomo huku dada yake akiosha vyombo peke yake anajifunza somo ambalo hamkukusudia kumfundisha. Mpeni naye ufagio. Waume, lipeni mahari mnayodaiwa, na mshukuruni aliyekupikieni. Nanyi wanafunzi, mkikuta haki katika kitabu cha asiyekuwa Muislamu, msione haya kuikubali. Oneni haya ikiwa tulikuwa nayo na hatukuitenda.

Allah atujaalie tuwe waadilifu majumbani mwetu. Aamin.

Wabillahi tawfiq.