Daftari la Fedha si la Wafanyabiashara Peke Yao

Imekuwa desturi katika vyuo vyetu vya ualimu kuwagawa wanafunzi mafungu mawili. Fungu moja ni la watu wa hesabu na biashara. Fungu la pili ni la watu wa lugha, ambao huambiwa, na wao hukubali kwa furaha, kwamba kazi yao ni maneno na kwamba tarakimu haziwahusu. Mwalimu wa Kiswahili akipewa taarifa ya mapato na matumizi huigeuza huku na huku, akatabasamu, akasema, "Haya yana wenyewe." Hulisema neno hilo kwa fahari, kana kwamba kutojua ni dalili ya usanii. Sisi twasema hiyo ni kasumba, tena kasumba yenye gharama, na gharama yenyewe hukatwa katika mshahara kila mwisho wa mwezi.

Hebu tuitazame gharama hiyo. Mwalimu amekopa shilingi 1,200,000 kwa muda wa mwaka mmoja, na karatasi yasema riba ni asilimia 20. Mkopeshaji wa kwanza huhesabu riba juu ya deni zima la mwanzo, hata kama nusu yake imekwisha kulipwa. Kwa hiyo riba ni shilingi 240,000, na kila mwezi mwalimu hukatwa 120,000. Mkopeshaji wa pili huhesabu riba juu ya salio la deni tu. Mwalimu hurudisha 100,000 za mkopo kila mwezi, na riba hupungua kadiri deni linavyopungua, hata jumla yake kwa mwaka ikawa 130,000. Asilimia ni ile ile, mwaka ni ule ule, na tofauti ni shilingi 110,000. Tena mkopo ule wa kwanza ukipimwa kwa kipimo cha huu wa pili, riba yake ya kweli yakaribia asilimia 35. Tofauti yote hiyo imejificha katika maneno mawili matatu ya mkataba. Maneno, ndugu walimu! Ni nani basi aliyepaswa kuyasoma kwa makini kama si mtu wa lugha?

Twajua jibu tutakalopewa. Tutaambiwa kwamba mambo hayo hayasemeki kwa Kiswahili, kwamba lugha yetu ni ya mashairi na salamu, na kwamba mwenye kutaka kujua fedha sharti apitie kwanza Kiingereza au Kifaransa. Dai hili lashangaza linapotolewa na mwalimu wa lugha. Kiswahili kilikua katika bandari, mikononi mwa watu waliokopeshana, waliowekeana rehani na waliodaiana. Deni, faida, hasara, thamani, amana, dalali, stakabadhi: je, maneno haya yaliletwa jana na chuo cha biashara? Neno hundi lilivuka bahari kutoka Bara Hindi pamoja na wafanyabiashara walioitumia. Rasilimali ni neno la Kiarabu lenye maana ya kichwa cha mali, yaani ile fedha ya kwanza ambayo biashara yote huota juu yake. Atakayelieleza neno hilo darasani kwa asili yake amekwisha kufundisha nusu ya somo la mtaji. Nao wanafunzi wetu twawatesa kila muhula kwa urari wa vina na mizani, kisha sisi walimu wao tukiletewa mizania twaikimbia! Mizania na mizani ni ndugu. Shairi likipungua silabi moja twalikataa papo hapo; hesabu ikipungua shilingi laki moja twasema hayo yana wenyewe.

Inafaa pia tukumbuke kwamba kitabu cha kwanza kilichopigwa chapa kueleza utaratibu wa kuandika kila shughuli ya fedha mara mbili, ilikotoka na ilikokwenda, hakikuandikwa na tajiri. Kiliandikwa na Luca Pacioli, mtawa wa shirika la Wafransisko na mwalimu wa hesabu, kikatolewa Venice mwaka 1494. Utaratibu wenyewe hakuubuni yeye, kwa maana wafanyabiashara wa mji ule walikuwa wakiutumia tangu zamani. Alichofanya ni kazi ya mwalimu: aliukusanya, akaupanga na kuueleza. Tena hakuueleza kwa Kilatini, lugha ya wasomi wa zama zake, bali kwa Kiitaliano kilichosemwa na watu. Wale wanaotuambia kwamba elimu ya fedha haiwezi kushuka katika lugha ya watu wamechelewa zaidi ya miaka 500.

Lakini lawama si ya watu wa lugha peke yao. Wahasibu nao wana sehemu yao. Mara nyingi vyuo vinapoamua kuwafundisha hesabu za fedha wanafunzi wasiosomea biashara, huwapa kitabu kile kile cha wanafunzi wa biashara, kikapunguzwa kurasa. Mwanafunzi huanza kwa kukariri fasili, na sheria za upande wa kushoto na upande wa kulia, wala haambiwi ni swali gani linalojibiwa. Baada ya mtihani husahau yote, na ana haki ya kusahau. Yeye hakuhitaji kuwa mhasibu. Alihitaji kuweza kusoma alichoandika mhasibu.

Tuchukue mfano. Walimu kadhaa wamechanga shilingi 2,000,000, wakachapisha vijitabu 500 vya mazoezi ya sarufi. Wameuza 200 kwa shilingi 6,000 kila kimoja. Katika mauzo hayo ya 1,200,000 wamepokea 700,000, na 500,000 zimo mikononi mwa shule zilizochukua kwa ahadi. Mwanachama mmoja afungua kisanduku, aona 700,000, apiga kelele: tulitoa milioni mbili, fedha zetu zimeliwa! Mwingine asema tumepata faida ya milioni moja na laki mbili. Wote wawili wamekosea. Kila kijitabu kiligharimu 4,000, basi vile 200 viligharimu 800,000, na faida ni 400,000. Fedha taslimu 700,000, madeni tunayodai 500,000, na vijitabu 300 vilivyo kabatini vyenye gharama ya 1,200,000: jumla ni 2,400,000, sawasawa na mchango wa 2,000,000 pamoja na faida ya 400,000. Hiyo ndiyo mizania. Hakuna uchawi ndani yake.

Na hapa ndipo tunapotaka msomaji atulie kidogo. Hivyo vijitabu 300 vina thamani gani kweli? Mtaala ukibadilika, kama ulivyobadilika Uganda mwaka 2020 kwa miaka minne ya kwanza ya sekondari, huenda visinunuliwe hata kimoja. Hapo 1,200,000 zafutika, na ile faida ya 400,000 yageuka hasara ya 800,000, ijapokuwa hakuna mtu aliyeiba hata senti. Na zile shule zilizoahidi, je, zitalipa? Tarakimu haijibu. Yapasa kuuliza, kupima ushahidi, kutofautisha lililosemwa na lililofichwa. Hiyo ni kazi ya ufasiri, na ufasiri ni kazi yetu ya kila siku.

Twafahamu chama kimoja cha walimu, ambacho hatutakitaja, ambacho jarida lake lilikufa katika hali hiyo. Mweka hazina alisoma taarifa yake kwa Kiingereza kwa muda wa dakika kumi, wajumbe wakapiga makofi, wakaenda kula. Deni la mpiga chapa halikuwamo katika taarifa kwa sababu lilikuwa bado halijalipwa. Mpiga chapa alipodai, kisanduku kilikuwa kitupu, na mpaka leo wanachama husema kwamba jarida liliuawa na uhaba wa wasomaji.

Kwa hiyo twapendekeza jambo dogo. Kila mwanafunzi wa lugha katika vyuo vya ualimu apewe vipindi viwili kwa juma, kwa muhula mmoja, kwa Kiswahili, na mwalimu wa lugha akae ndani ya darasa pamoja na mhasibu. Kozi ianze na hati ya mshahara wa mwalimu mwenyewe, iendelee na mkataba wa mkopo, kisha daftari la upatu, ambao wenzetu wa Kongo huuita likelemba na wa Rwanda ikimina, na mwisho taarifa ya chama cha akiba na mikopo. Navyo vyama vyetu, vya Kampala, Kigali, Bujumbura au Bukavu, vigawe taarifa ya fedha kwa Kiswahili majuma matatu kabla ya mkutano mkuu, pamoja na orodha ya madeni yote, yaliyolipwa na yasiyolipwa.