Watu wa toleka nao wana haki ya barabara: Kisangani ipake rangi kwenye makutano

Kila mara mtu akitaja rangi ya barabarani kwa ajili ya baiskeli, jibu ni lile lile: hayo ni mambo ya Wazungu, tuzibe mashimo kwanza. Jibu hilo linawafaa wenye magari. Halimfai kijana wa toleka mwenye abiria nyuma, wala mama aliyekimbia mapigano ya Mbole na Lengola mwaka 2023 akaacha shamba lake, na leo anategemea kinga ya kuazima kupeleka makala sokoni.

Hatari kubwa iko kwenye makutano. Baiskeli inakwenda mbele moja kwa moja. Gari inaipita, halafu inakata kulia mbele yake. Dereva anasema hakuiona. Rangi inayovuka makutano kwa kufuata njia ya baiskeli inamnyang'anya kisingizio hicho, kwa kuwa anaiona kabla hajazungusha usukani. Mji wa Portland, Marekani, ulipojaribu buluu mwishoni mwa miaka ya 1990, madereva waliowapisha wenye baiskeli walipanda kutoka 72 hadi 92 kwa mia.

Lakini isiwe kupaka kila kona kama wakati wa kampeni! Kule Copenhagen, watafiti walikuta kwamba kivuko kimoja cha buluu kwenye makutano kilipunguza ajali kwa 10 kwa mia, ila penye viwili au zaidi ajali ziliongezeka. Rangi ikizidi, haimshitui dereva tena. Basi, kila makutano yapate kivuko kimoja, pale baiskeli zinapopita kwa wingi.

Nyekundu ya Waholanzi haifai hapa. Udongo wa Kisangani wenyewe ni mwekundu. Mvua chache tu, matope yamefunika kila kitu. Ipakwe buluu au kijani, tena ichanganywe na mchanga, maana rangi laini ikilowa inaangusha kinga yenye mzigo.

Na mashimo? Yazibwe, nani anakataa? Ila kwenye mashimo magari yanakwenda polepole. Yanakimbia kwenye lami nzuri ya Makiso, na ndipo toleka wanagongwa. Meya haombwi daraja. Anaombwa ndoo za rangi kwa makutano ya kwenda soko kuu, na polisi wa barabara wasimame pale majuma ya kwanza, wakisimamisha magari, si kinga.