Tana River: Kaunti iliyopewa jina la mto isiouamuru

Kila msimu wa masika, swali linalosikika Hola, Bura na Garsen ni moja: maji yatapanda hadi wapi? Jibu halipatikani kwa kutazama mawingu ya hapo nyumbani. Mto Tana, mrefu kuliko yote Kenya, huanzia milima ya Aberdare na Mlima Kenya. Kabla ya kufika nyanda za chini hupita mabwawa matano ya umeme: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Yakijaa na kufurika, maji hushuka hadi vijiji ambavyo pengine havijapata hata tone la mvua.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 315,943 katika kaunti hii, chini ya watu 10 kwa kila kilomita ya mraba. Sehemu kubwa ni nchi kavu, hivyo maisha yamejipanga kando ya mto. Wapokomo hulima mpunga, ndizi na maembe kwenye kingo. Waorma na Wawardei hufuga, na kiangazi hupeleka mifugo mtoni kupitia njia ziitwazo malka. Malka zinapozibwa na mashamba, au ng'ombe wanapoingia kwenye mazao, ugomvi huzuka. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, zaidi ya watu 100 waliuawa katika mapigano ya Delta ya Tana.

Historia nayo inafuata maji. Hola ilikuwa kambi ya kuwazuilia wafuasi wa Mau Mau, waliofanyishwa kazi kwenye skimu ya kunyunyizia maji mashamba. Tarehe 3 Machi 1959, walinzi waliwapiga 11 kati yao hadi kufa. Miaka 30 baadaye, mwaka 1989, mto ulihama mkondo na kilimo cha skimu hiyo kikasimama.

Tangu 2013 kaunti ina gavana na bunge lake. Je, ukiwa na shida umwendee nani? Zahanati na hospitali za kaunti, chekechea, barabara za kaunti, maji ya vijijini, kilimo na chanjo ya mifugo ni kazi ya serikali ya kaunti. Shule za msingi na sekondari, polisi, barabara kuu na mabwawa ya umeme ni ya serikali ya kitaifa. Kukabili majanga ni jukumu la zote mbili, na hapo ndipo kila upande unaweza kumtazama mwenzake mafuriko yanapoingia.

Mwishoni mwa 2023 na tena Aprili na Mei 2024, familia nyingi zilihama na barabara ya Garissa hadi Garsen ikakatika. Barabara ikikatika, dawa hazifiki zahanati na mama mjamzito hafiki hospitali.

Kwa hiyo kikao cha maoni ya wananchi kuhusu bajeti kikiitishwa katika wadi yako, usikiache. Uliza kama kuna pesa za mashua na dawa za akiba kabla ya masika. Uliza ni nani atakayetoa onyo mabwawa yakijaa, kwa lugha gani, na siku ngapi mapema. Siku mbili zinatosha kuhamisha mbuzi, magodoro na mbegu. Saa mbili hazitoshi.