Shemeji Anataka Sampu ya Alumini

Mwezi huu tuweke pembeni kidogo habari za maua na mishumaa mezani. Dada mmoja wa Mbezi kanitumia ujumbe, na kwa kweli umenigusa. Yeye na mumewe wana pikapu ya otomatiki, dabo kebini. Katikati ya wiki inawapeleka kazini, wikiendi inavuta trela la viti na maturubai ya shughuli, na hela ya hiyo wikiendi ndiyo inayolipa ada ya watoto. Sasa mume ameona mtandaoni sampu ya gia boksi ya alumini, imechongwa mapezi kama samaki, anataka kuiagiza Marekani kwa hela ya muhula wa Januari. Dada anauliza: huo ni utunzaji wa gari au utoto? Leo siku ya nne hawasemeshani.

Jamani, siku nne kwa ajili ya sampu!

Haya, tuelewane kwanza. Sampu ni lile bakuli la chini kabisa ya gia boksi, linalotunza oili nyekundu ambayo mafundi wetu wengi wanaiita haidroliki. Kwenye gari ya otomatiki oili hiyo hailainishi tu. Presha yake ndiyo inayobana klachi za ndani, yenyewe ndiyo inayopitisha nguvu ya injini kwenye konveta, na yenyewe ndiyo inayobeba joto kwenda kupozwa. Ikichoka, kila kitu kinachoka. Na kinachoichosha hasa ni joto: trela, mzigo, foleni ya Morogoro Road saa kumi na moja jioni, au kupandisha Kitonga umejaza nyuma.

Kwa hiyo shemeji hana wazimu. Gari linalovuta trela, vitabu vingi vya watengenezaji vinaliweka kwenye kundi la kazi ngumu, na oili yake inatakiwa kubadilishwa mapema zaidi. Ukisikia mtu anasema oili ya otomatiki ni ya maisha, muulize maisha ya nani.

Ila kabla ya kuagiza kitu Marekani, dada, hebu mwulize swali moja tu: hiyo sampu iliyopo ilifunguliwa lini mara ya mwisho? Naweka dau hapo kutakuwa na ukimya mwingine.

Kuifungua ndiyo kupima afya yenyewe. Ndani chini kuna sumaku. Zikiwa zimevaa tope laini la kijivu, msiogope, huo ni uchakavu wa kawaida. Mkikuta vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa vidole, hapo mna mazungumzo mengine, na ada ya Januari ina mshindani mkubwa kuliko alumini. Oili iwe nyekundu au imefifia kidogo. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, klachi zimeanza kwenda. Ikiwa ya pinki kama maziwa ya strobери, maji yameingia, mara nyingi kutoka kwenye rejeta. Msiliwashe gari hilo hata kwenda dukani.

Halafu filta mpya, gasketi mpya, na boliti zikazwe kidogo kidogo kwa kuvuka upande huu na ule. Fundi akikaza kwa hasira sampu inapinda na kuvuja. Akija na tyubu ya silikoni na kuipaka kama siagi kwenye mkate, mzuieni kwa heshima, maana vipande vyake vikikatika vinaweza kuishia kwenye filta. Mjue pia kwamba kumwaga sampu hakutoi oili yote. Nyingi inabaki ndani ya konveta, ndiyo maana wengine hurudia zoezi baada ya muda. Na aina ya oili ni ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, basi. Ya Toyota WS si Dexron, na rangi nyekundu kufanana haimaanishi undugu.

Sasa alumini. Marekani biashara hii ilipata nguvu kwa sababu ya kueleweka. Chukua gia boksi ya 4L60-E ya General Motors, iliyoanza mwaka 1993 kwenye pikapu nyingi: sampu yake ina boliti 16, na nyingi zilitoka kiwandani bila nati ya kumwagia. Kuibadilisha oili ni kuoga nayo. Sampu ya kununua inakuja na nati, inabeba oili zaidi, na ina sehemu ya kufunga kipima joto. Hapo nasema ndiyo. Lakini gia boksi nyingi za Toyota tayari zina nati hiyo, kwa hiyo faida ya kwanza imeshaondoka. Sampu ndefu inaning'inia chini, na matuta yetu mnayajua. Tena inataka filta inayofikia kina chake, la sivyo ile oili ya ziada inakaa tu chini.

Na yale mapezi? Yanasaidia kidogo. Anayepoza hasa ni rejeta ndogo ya oili ya gia, ile inayofungwa mbele ipigwe na upepo. Kwa mtu wa trela, hela yangu ingeenda huko kwanza.

Basi dada, mwambie shemeji hivi: Jumamosi isiyo na shughuli mfungue sampu ya zamani pamoja, muangalie sumaku wote wawili. Zikiwa safi, oili, filta na gasketi mwezi huu, rejeta ndogo baada ya msimu wa harusi, na alumini isubiri. Vikionekana vipande, nitumie ujumbe kabla hamjalipa ada. Na wewe ndiye uanze kumsemesha, maana yeye alichokosea ni mpangilio tu, wasiwasi wake ni wa kweli.